Kudhibiti Joto la Kizimba cha Nyoka Katika Pwani ya Kusini: Mwongozo Kamili kwa Wafugaji wa Mtwara na Lindi

Sehemu kubwa ya maelekezo yanayosomwa kuhusu ufugaji wa nyoka yameandikwa na watu wanaoishi kwenye nchi za baridi, ambao shida yao kuu ni kumpasha joto mnyama aliyemo ndani ya chumba chenye nyuzi 18. Mfugaji wa Shangani au Mikindani akiyafuata maelekezo hayo bila kuyapima, hasa mwezi wa Januari, atamwoka nyoka wake. Huku kwetu chumba chenyewe hufika nyuzi 30 na kuzidi wakati wa mchana bila taa yoyote kuwashwa, kwa hiyo kazi ya mfugaji huanzia upande wa pili: kwanza atafute ubaridi na kuulinda, kisha ndipo aongeze joto dogo linalodhibitiwa katika pembe moja ya kizimba.

Nyoka ninayemtolea mfano hapa ni yule mdogo wa kahawia wa jenasi ya Boaedon, asiye na sumu, anayetembea usiku na kuwinda panya kuzunguka nyumba na maghala. Jike lake hufikia takriban mita moja, dume huwa fupi zaidi, na anastahimili hali ya hewa ya pwani kwa sababu ni mwenyeji wake. Chatu hafai kwa anayeanza, kwani hukua kupita mita tatu na hakuna kizimba cha chumbani kitakachomtosha. Kabla ya jambo lolote, kumbuka kwamba kwa mujibu wa Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 mtu haruhusiwi kumkamata wala kumweka mnyamapori bila kibali, hata akiwa ni nyoka aliyejiingilia mwenyewe jikoni. Anza na ofisi ya wanyamapori ya wilaya yako au TAWA (Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori Tanzania), ndipo ununue mbao. Nyoka wa sumu hawamo kabisa katika mwongozo huu.

Viwango vya kulenga

Nyoka hatengenezi joto la mwili kama kuku au mbuzi. Hulitafuta kwa kuhama: akitaka kusaga chakula hulalia mahali pa moto, akishapata joto la kutosha hujivuta hadi penye ubaridi. Kizimba chenye joto sawa kila mahali, hata likiwa joto zuri, kinamnyima uwezo huo. Ndiyo maana hatuzungumzii joto la kizimba kwa namba moja, bali tunazungumzia tofauti kati ya ncha mbili.

Kwa nyoka huyu wa kahawia, sakafu ya maficho ya upande wa moto iwe kati ya nyuzi 30 na 32, na upande wa baridi uwe kati ya nyuzi 23 na 26. Usiku kizimba chote kinaweza kushuka hadi nyuzi 20 au 21 bila madhara, ilimradi nyoka hana chakula kipya tumboni. Katika miezi ya joto kali upande wa baridi hautashuka chini ya nyuzi 27 au 28 kwa nyumba isiyo na kiyoyozi, na hilo linavumilika. Kisichovumilika ni upande wa baridi kupita nyuzi 32, kwa sababu hapo mnyama hana tena pa kukimbilia. Mwili wake ukifika nyuzi 38 na kuendelea, hata kwa muda mfupi, anaweza kufa.

Hatua ya kwanza: pima chumba kabla ya kujenga kizimba

Nunua vipimajoto viwili vya kidijitali vyenye waya wa kihisi, vya aina inayohifadhi joto la juu kabisa na la chini kabisa kwa siku. Vile vya kuelekezwa kwenye paji la uso, vilivyoenea wakati wa Uviko, havifai, kwa kuwa vingi vimetengenezwa kusoma joto la mwili wa binadamu tu na nje ya kiwango hicho huonyesha kosa. Mkono nao usiutumie. Ngozi ya kiganja ina takriban nyuzi 33, hivyo kigae chenye joto hilo hilo utakiona cha kawaida tu, na utashawishika kuongeza moto mahali ambapo tayari umefika kikomo.

Hakiki vipimo vyako kwanza. Jaza bilauri barafu iliyopondwa, ongeza maji kidogo ya kujaza nafasi, koroga, kisha zamisha vihisi vyote viwili kwa dakika kadhaa bila kugusa kioo. Vinapaswa kusoma sifuri au karibu yake. Kikisoma nyuzi 2, andika tofauti hiyo kwenye karatasi na uibandike mgongoni mwa kipimo.

Sasa weka kihisi kimoja sakafuni, kwenye kona unayoifikiria, na kingine katika kimo cha meza, kisha soma alfajiri, saa 8 mchana, jioni na saa 4 usiku kwa wiki nzima. Usomaji wa saa 8 mchana ndio unaoamua kama chumba kinafaa. Katika nyumba ya bati isiyo na dari utagundua kwamba joto la mezani linazidi la sakafuni kwa kiasi kinachoshangaza, kwa sababu bati lililopigwa na jua humimina joto kutoka juu. Chumba cha namna hiyo kikipita nyuzi 34, usijisumbue kukinunulia vifaa; tafuta chumba kingine au piga singibodi kwanza. Nyumba za zamani za Mikindani na Kilwa Kivinje, zenye kuta nene za mawe na chokaa, hutunza ubaridi wa usiku hadi mchana, na mwenye bahati ya kuishi ndani yake ameshamaliza nusu ya kazi. Paa la makuti nalo hupoza vizuri, ila usiweke kifaa chochote cha kupasha joto karibu nalo.

Hatua ya pili: mahali pa kukiweka

Kizimba kikae chini, kimeinuliwa kiganja kimoja tu kutoka sakafuni ili hewa ipite na mchwa waonekane, na kiegemee ukuta wa ndani. Ukuta unaotazama magharibi uepuke: hunywa jua la alasiri na kulirudisha chumbani hadi usiku wa manane. Jua la moja kwa moja lisikifikie hata kwa nusu saa, na zaidi ikiwa kina kioo, kwa kuwa kioo hupitisha mwanga na kuzuia joto kutoka, na kizimba kidogo huweza kuvuka nyuzi 40 wakati wewe umekwenda sokoni. Jua la Juni halipiti dirishani mahali lilipopita Desemba. Kagua tena msimu unapogeuka.

Hatua ya tatu: kujenga kizimba chenyewe

Kwa nyoka wa mita moja, kizimba cha urefu wa sentimita 90 hadi 120, upana wa 45 na kimo cha 45 kinatosha. Urefu ndio muhimu, kwa sababu ndani ya boksi fupi ncha mbili haziwezi kutofautiana. Plaiwudi ya milimita 12 au 18 iliyopakwa vanishi inafaa kuliko tangi la samaki, ambalo hewa yake hutoka juu tu. Acha vanishi ikauke kabisa na harufu iishe ndipo mnyama aingie.

Tundu za hewa zitobolewe chini upande wa baridi na juu upande wa moto, pande mbili zinazotazamana. Hewa iliyopata moto hupanda na kutoka juu, na nafasi yake huchukuliwa na hewa ya sakafuni inayoingia chini, hivyo kizimba hujipumulia chenyewe bila umeme. Funika tundu hizo kwa wavu wa chuma wenye macho madogo, kwani nyoka mchanga hupita mahali ambapo penseli inapita. Waya wa kuku haufai. Acha pia dirisha dogo la wavu kwenye kifuniko, juu ya upande wa baridi. Matumizi yake yatakuja.

Kwa matandazo, pwani yetu ina makumbi. Yachambue, yapepete vumbi, yaanike juani, kisha tandaza kwa kina cha sentimita 5 hadi 8 upande wa baridi ili nyoka aweze kujifukia, na sentimita moja tu upande wa moto. Tofauti hiyo ni ya makusudi: matandazo mazito juu ya kipasha joto huzuia joto lisipande, likabaki chini na kuunguza.

Hatua ya nne: kipasha joto na kidhibiti chake

Kwa kuwa mnyama huyu ni wa usiku, hahitaji taa ya kuota. Mkeka wa umeme wa kupasha joto, uliolazwa kati ya sakafu ya plaiwudi na kigae kimoja cha sakafuni, unatosha. Kigae hulisambaza joto, humkinga nyoka asiguse mkeka, na hulitunza joto kwa muda umeme ukizimika. Mkeka usizidi theluthi moja ya sakafu. Mawe ya umeme yanayouzwa kama ya kuotea moto yaache dukani, kwa sababu hupata moto kupita kiasi sehemu moja, na nyoka hana wepesi wa kutambua kwamba tumbo lake linaungua.

Mkeka usiunganishwe moja kwa moja kwenye soketi hata siku moja. Unahitaji kidhibiti joto cha kidijitali, na habari njema ni kwamba si lazima kiagizwe mbali: vile vinavyofungwa kwenye mashine za kutotolesha vifaranga hufanya kazi ile ile, na mafundi wa mashine hizo wanavijua. Angalia lebo, kwani vipo vya volti 12 na vya volti 220 vinavyofanana kwa sura. Ufungaji afanye fundi umeme, kila kiungo kiwe ndani ya boksi lililofungwa, nje ya kizimba. Hewa ya bahari ina chumvi, na chumvi hula viungo vya shaba haraka kuliko mtu anavyodhani. Kiungo kilichooza hupata moto chenyewe.

Kihisi cha kidhibiti kikae juu ya kigae, chini ya maficho ya upande wa moto, yaani mahali pale pale tumbo la nyoka litakapolala. Kikining'inia hewani kitasoma nyuzi 28 huku kigae kikiwa na 38. Kibane kwa klipu ya plastiki au tone la silikoni iliyokauka vizuri. Usitumie selotepu wala gundi ya karatasi mahali popote ndani ya kizimba: nyoka hupenyeza kichwa chini ya kitu chochote kilichoinuka, selotepu hushika magamba, naye akijivuta ngozi huchanika. Kumbandua ni kazi ya mafuta ya kupikia na subira ya zaidi ya saa moja, na bado baadhi ya magamba hubaki kwenye tepu.

Weka kikomo nyuzi 31 na tofauti nyuzi 1, ili mkeka uzime kikifika 31 na kuwaka tena kikishuka hadi 30. Vidhibiti vingi vya aina hii vina njia mbili, ya kupasha na ya kupoza, na wengine hufikiri watafunga mkeka upande mmoja na feni upande mwingine. Haitafanya kazi vizuri, kwa sababu kihisi ni kimoja na kiko upande wa moto, wakati feni inapaswa kuitikia hali ya upande wa baridi. Ukitaka feni, nunua kidhibiti cha pili.

Jaribio lifuatalo wengi hulikwepa, nami naliona muhimu kuliko kifaa chochote. Swichi ya ndani ya kidhibiti huweza kuganda ikiwa imewasha, na ikiganda mkeka hautazima tena. Kwa hiyo, kabla nyoka hajaingia, chagua siku ya joto, unganisha mkeka bila kidhibiti, na ukae nyumbani ukisoma kigae kila nusu saa kuanzia saa 5 asubuhi hadi saa 10 jioni. Kikipita nyuzi 38, mkeka huo ni mkubwa mno kwa kizimba hicho: chukua wenye wati chache zaidi, au funga kidhibiti cha pili kwa mfululizo, kilichowekwa nyuzi 34, ili kimoja kikigoma kingine kikate. Kipasha joto kinachofaa Mtwara ni kile ambacho hata kikikwama hakiwezi kuua.

Hatua ya tano: maficho mawili na maji

Weka maficho mawili yanayofanana kwa ukubwa na giza, moja kila upande. Nyoka akiwa na maficho upande mmoja tu, atachagua usalama na kuacha joto analolihitaji, au atavumilia moto kwa kuogopa kukaa wazi. Kwa upande wa baridi hakuna kinachoshinda chungu cha udongo kisichopakwa rangi, kilichopinduliwa, mdomo wake umekatwa kipande cha kupitia na kingo zikasuguliwa kwa msasa. Ukikilowesha kwa nje, maji yanayokauka hukipoza. Hila hii hufanya kazi vizuri sana Masasi au Nachingwea mwezi wa Oktoba, hewa ikiwa kavu. Ufukweni wakati wa mvua, hewa ikiwa imeshiba unyevu, hupoza kidogo tu, na matandazo yenye maji yasiyokauka humletea nyoka vidonda kwenye ngozi ya tumbo. Bakuli la maji liwe zito, lenye upana wa kumtosha kujikunja ndani, na likae upande wa baridi.

Hatua ya sita: kuishi na misimu

Kuanzia takriban Desemba hadi Machi, wakati wa kaskazi, mkeka huenda usihitajike mchana kabisa, na kidhibiti kitauzima chenyewe. Usishangae, wala usipandishe kikomo ili taa yake iwake. Siku ambazo upande wa baridi unakaribia nyuzi 31, chukua chupa ya nusu lita, ijaze maji hadi robo tatu yake, igandishe, ifunge kwa kipande cha kanga, ilaze kwenye sinia dogo na uliweke juu ya lile dirisha la wavu la upande wa baridi. Hewa baridi ni nzito, hivyo hushuka yenyewe ndani, na sinia hudaka matone. Chupa isiingizwe kizimbani, kwa kuwa nyoka akiilalia hupoa kwa ghafla upande mmoja wa mwili.

Kuhusu feni, ieleweke kwamba nyoka hatoi jasho, hivyo upepo wa pangaboi unaotuburudisha sisi haumpunguzii yeye joto lolote ikiwa hewa yenyewe ni ya nyuzi 33. Feni ina faida pale tu inapoingiza hewa ya sakafuni au ya nje iliyo baridi kuliko ya ndani. Feni ndogo ya kompyuta ya volti 12, iliyofungwa nje ya tundu za juu ili ivute hewa ya moto itoke, hula umeme kidogo sana na huweza kuendeshwa na betri ya sola ya nyumbani hata umeme ukikatika.

Juni hadi Agosti mambo hubadilika. Alfajiri ya kipupwe pwani huweza kushuka hadi karibu nyuzi 20, na Newala, juu ya Uwanda wa Makonde, hushuka zaidi kwa sababu hewa hupoa kwa takriban nyuzi 0.6 kila unapopanda mita 100. Hapo mkeka ndio hufanya kazi, na baadhi ya tundu za juu huzibwa kwa kitambaa usiku. Nyoka aliyekula asiachwe apoe: kwa siku mbili za kwanza baada ya mlo, upande wa moto uwe haujashuka chini ya nyuzi 29, la sivyo panya ataozea tumboni kabla hajasagwa na kutapikwa. Ukiona kuna dalili ya umeme wa kukatika-katika wiki hiyo, ahirisha kumlisha. Nyoka mzima mwenye afya hapati shida akikosa mlo wa wiki moja.

Umeme ukikatika usiku wa kipupwe, funika kizimba kwa blanketi ukiacha tundu za chini wazi. Mshumaa na jiko la mkaa visikaribie. Chupa ya maji ya vuguvugu iliyofungwa kitambaa, ikiwekwa nje ya ukuta wa upande wa moto, inatosha hadi asubuhi.

Kumsoma mnyama

Vipimo vikisema sawa na nyoka akasema hapana, mwamini nyoka, kisha tafuta kipimo kilichokosea. Akikaa ndani ya bakuli la maji siku nzima, kwanza mkague utitiri, kwani nao humpeleka majini. Usipouona, upande wa baridi una joto. Akiwa amejibana muda wote kwenye kona ya mbali zaidi na mkeka, kigae kimezidi. Akilalia kigae mchana na usiku bila kuondoka, hapati joto la kutosha. Kupumua kwa mluzi, mate yanayovutika mdomoni na kichwa kuinuliwa juu ni dalili za maradhi ya mapafu, ambayo mara nyingi hufuata baridi iliyochanganyika na unyevu. Huyo apelekwe kwa daktari wa mifugo, na ukimpigia kabla ya kwenda mweleze kwamba ni nyoka asiye na sumu, ili asishtuke ukifungua mfuko.

Nyoka aliyezidiwa na joto hutanua mdomo, huzunguka kwa fujo, kisha hulegea na kushindwa kujigeuza akilazwa chali. Mtoe mara moja, mpeleke sakafuni kwenye kivuli, na umweke ndani ya beseni lenye maji ya kawaida ya nyuzi 25 hivi, kina chake kisizidi unene wa mwili, huku ukimshikia kichwa juu ya maji. Barafu na friji vitamuua. Akirejewa na nguvu, mwache kwenye beseni kavu chumba kikiwa na giza, usimlishe kwa siku saba hadi kumi, na usimrudishe kizimbani hadi utakapojua ni kidhibiti, jua la dirishani au tundu zilizozibwa lililosababisha.